Nilipunguza Sauti

Mimi fundi spika. Masalu wa Mabatini,
banda langu liko nyuma ya mashine ya kusaga,
pale mawe yanapoanza kupanda na nyumba juu yake.
Miaka kumi na saba nimekodisha sauti
kwa harusi, kwa arobaini, kwa vyama vyote,
kila chama na fulana zake.
Wote hugonga kipaza mara tatu.
Wote huuliza, "Mnanisikia?"
Sijapata mmoja aliyesema, "Nawasikia."

Siku ile Furahisha alipanda Jaji mstaafu
Nkwimba Lufulo, mzaliwa wa kisiwani Kome,
mfupi, raba miguuni, mfuko mkononi
kama aliyepitia Mwaloni kununua dagaa.
Kipaza hakukigonga. Alikishusha tu, kikalia:
waliomtangulia walikuwa warefu.

"Haki," alisema, "si unga wa msaada.
Haina foleni, haina kadi,
haina mjumbe wa kukuuliza ulimpigia nani.
Mtoto wa Igogo anazaliwa nayo
kabla ya jina, kabla kitovu hakijakauka.
Anayesema amekupa, mwulize aliitoa wapi."

Watu wakacheka, lakini kwa tahadhari,
wakitazama kwanza nani kasimama kando.

Alipofika kwenye vita akateremsha sauti,
nami nikampandishia, ndiyo kazi yangu.

"Msiseme vita ni mambo ya ng'ambo.
Mwaka ule Mto Kagera ulituletea watu
mahali pa magugu maji.
Nilikuwa karani, msichana,
nimepewa daftari la mistari na kalamu ya bluu.
Safu ya jina niliiacha wazi.
Safu ya umri nilikisia.
Safu ya kabila—"
akanyamaza, upepo wa ziwa ukapiga kipazani, fuu,
"—maji yalikwisha kuifuta.
Sangara wakakosa mnunuzi. Mama akapika mchicha,
mchicha, mchicha, na hakuna aliyeuliza.
Na yale hayakuanza na panga, jamani.
Yalianza na kipaza kama hiki,
mtu akiwaita jirani zake wadudu,
na fundi fulani, mtu mwema tu, baba wa watoto,
akihakikisha anasikika mpaka nyuma."

Nikaitazama mikono yangu.

Simu ikatetemeka mfukoni.
Ni yule bwana wa zabuni, aliyenidai fadhila
na niliyemdai pesa za kampeni:
*Masalu, mpunguze huyo bibi. Taratibu.*

Yeye alikuwa amefika kwa wakubwa:
"Kiongozi ni mlinzi wa zamu.
Mmeona wapi mlinzi, kukicha,
akakataa kumkabidhi mwenzake rungu,
akadai nyumba ni yake
kwa kuwa usiku kucha hakulala?"

Nilipunguza. Siyo kwa mkupuo;
nywele kwa nywele, kama mtu anayefunga mlango
wa chumba chenye mgonjwa.
Wa nyuma wakasogea. Wauza karanga wakasogea.
Polisi mmoja naye akasogea, akavua kofia, akatega sikio.
Mwisho uwanja mzima ulikuwa umemzunguka
kama watu wanaosubiri kuonyeshwa kitu kidogo kiganjani.

Akageuka, akaniona mle kati ya nyaya.
"Fundi, mtambo umechoka?"
Nikasema, "Umechoka, Mheshimiwa."
"Pole yake," akasema, akaendelea kwa koo lake.

Jioni alinifuata mwenyewe kulipa.
Alitoa pesa kamili, akaomba risiti.
Nikaandika: *Sauti, kwa saa mbili.*
Kabla sijaichana, akaomba kitabu,
akatoa kalamu yake, bluu,
akapiga mstari mmoja ulionyooka, wa mtu wa daftari,
akaandika juu yake: *kwa saa moja na robo.*
Akaweka sahihi. Akanirudishia chenji
ambayo sikuwa nimempa.

Nakala ya kaboni bado iko kitabuni.
Kila nikikata risiti naipita.